Mume wangu amekutwa na brusela, na mama mkwe hataki tupimwe

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Same. Nimeolewa Simanjiro, huu ni mwaka wa nane. Tuna watoto wawili, wa miaka sita na mitatu, na nina mimba ya miezi minne. Tunaishi kwenye boma la wakwe zangu: mama mkwe, shemeji na mkewe na watoto wao watatu, sisi wanne, na kijana anayetuchungia mbuzi.

Mume wangu alianza kuumwa mwezi wa pili. Homa inakuja jioni, asubuhi anaamka kama hana kitu. Usiku analowa jasho mpaka nabadilisha shuka mara mbili. Zahanati wakasema malaria, akapewa dawa ya mseto. Ikarudi. Duka la dawa wakasema taifodi, akachomwa sindano siku tano. Ikarudi. Mgongo ukaanza kumuuma, akawa anainuka kitini kama mzee wa miaka themanini. Miezi mitano ilipita hivyo. Mwezi uliopita tulimpeleka hospitali kubwa Moshi, ndipo wakampima na kusema ana brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Akapewa dawa za aina mbili za kumeza wiki sita. Namshukuru Mungu, sasa analala usiku.

Shida ilianza niliporudi na maneno ya daktari, kwamba familia nzima tupimwe. Mama mkwe alinitazama akasema: "Kwa hiyo maziwa yangu ndiyo yamemuumiza mwanangu? Nimekuza watoto saba kwa maziwa haya haya, na mmoja wao ndiye mumeo." Tangu siku hiyo hanisemeshi ila kwa kupitia watoto. Shemeji naye amesema haendi kupangwa foleni kama mgonjwa wa UKIMWI. Lakini nilipohesabu vidonge vya mume wangu niliona vinapungua haraka. Kumbe amempa ndugu yake pakiti nzima, kwa sababu na yeye anasikia homa na viungo vinamuuma.

Mama, mbuzi wetu watatu walitupa mimba kabla mume wangu hajaanza kuumwa, na mmoja nilimsaidia kwa mikono yangu usiku, nikiwa sina glavu wala nini. Binti yangu mkubwa siku hizi anaamka anachechemea, anasema goti. Nilidhani ameanguka shuleni. Sasa sijui. Je, ugonjwa huu mume wangu anaweza kuniambukiza? Watoto ambao hawaumwi nao wapimwe? Na mimba yangu je? Zaidi ya yote, nitampitaje mama mkwe bila kuvunja nyumba?

Mama wa watoto wawili, Simanjiro

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa miezi hiyo mitano ya kubadilisha shuka usiku.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nahesabu watu wanaokunywa kwenye kibuyu cha mama mkwe, nikapata kumi na mmoja. Halafu nikajiuliza, mlipokaa kuzungumza habari ya kupimwa familia, kuna aliyemtaja yule kijana mchungaji? Nadhani hayupo aliyemtaja, kwa sababu si wa ukoo.

Neno "familia" ndilo lililowachanganya. Daktari alilisema kwa maana yake, mama mkwe akalisikia kwa maana nyingine, kama vile ukoo mzima unaitwa barazani. Brusela haitembei kwenye damu ya ukoo. Inatembea kwenye maziwa mabichi, na kwenye maji na damu ya mnyama aliyezaa au aliyetupa mimba. Kwa ugonjwa huu, familia ya mumeo ni kila mtu aliyekunywa maziwa yale na kila aliyewashika mbuzi wale. Kijana anayekamua mbuzi porini akanywa papo hapo ni familia kuliko shangazi aliyeko Dar es Salaam. Jirani anayenunua maziwa kwenu ni familia. Mumeo ni wa kwanza kujulikana, basi. Hilo halina maana kwamba ndiye wa kwanza kuugua, wala kwamba ndiye aliyeuleta.

Ndiyo maana daktari alisema alichosema. Saudi Arabia, Uturuki na Peru, madaktari walioamua kuwapima watu wa nyumbani kwa wagonjwa wao wa brusela walikuta wagonjwa wengine mle ndani, baadhi yao hawajawahi kulalamika kokote. Si ajabu, kwani wote walikuwa wakinywa maziwa yale yale.

Niseme na hili, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa muuguzi miaka mingi na nimeandika neno "malaria" kwenye kadi nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hapo hapo Moshi, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. 528 kati yao waliambiwa wana malaria. Vipimo vya uhakika vilipokuja kufanyika, wenye homa iliyosababishwa na malaria walikuwa 14 tu. Waliobaki walikuwa na mambo mengine, na mengi kati ya hayo yalitoka kwa wanyama, brusela ikiwemo. Miezi mitano ya mumeo ina wenzake wengi. Nakuomba usiilaumu nafsi yako kwamba ulichelewa.

Sasa maswali yako. Mumeo si hatari kwako. Kuambukizana mtu na mtu kupo, lakini ni kwa nadra sana: mama kwa mtoto anayenyonya, kujamiiana, kuongezewa damu. Kula naye, lala naye. Kwa sababu una mimba, mkitumia kondomu mpaka amalize dawa mtakuwa mmejiongezea usalama kidogo. Na asichangie damu kwa mtu yeyote mpaka daktari amwambie.

Habari ya vidonge ndiyo iliyonifanya niziweke barua nyingine zote pembeni nikujibu wewe kwanza. Brusela inajificha ndani ya chembe za mwili, kwa hiyo inataka dawa mbili kwa pamoja, na inataka wiki zote sita. Mumeo alipokata dozi yake akampa ndugu yake, wote wawili wamebaki na nusu dawa, na nusu dawa ndiyo njia ya mkato ya ugonjwa kurudi, mara nyingi ndani ya miezi sita, ukiingia mgongoni au, kwa wachache, kwenye moyo. Kuna na jambo la pili. Wengi wanaotibiwa brusela hupewa doksisaiklini pamoja na rifampisini. Kama mkojo wa mumeo umekuwa wa rangi ya chungwa, basi rifampisini imo, na msishtuke kwa rangi hiyo. Lakini rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia. Shemeji yako ana homa na hajapimwa kitu. Ikiwa kumbe ana kifua kikuu, vidonge hivyo vitauficha ugonjwa kwa muda na kuvifundisha vijidudu vyake kuizoea dawa. Aache leo, apelekwe akapimwe vyote viwili. Na mumeo arudi Moshi akaseme ukweli kwamba dozi imepungua. Hatagombezwa, na hata akigombezwa ataongezewa dawa, hilo ndilo tunalolitaka.

Mumeo akizungumza na ndugu yake, wawili tu, amuulize na hili: korodani zinamuuma au zimevimba? Brusela hufanya hivyo kwa baadhi ya wanaume, na wengi huona haya kusema mpaka hali iwe mbaya. Huenda maneno ya UKIMWI na foleni yanaficha hofu ya namna hiyo. Inatibika.

Kipimo chenyewe hakina mambo makubwa. Wanachukua damu kidogo mkononi. Cha kwanza katika hospitali nyingi ni kile kiitwacho Rose Bengal: tone la majimaji ya damu linachanganywa na tone la dawa yenye rangi ya waridi juu ya kigae cheupe, mtaalamu anakitikisa polepole. Mchanganyiko ukibaki laini, majibu ni hasi. Ukikatika vipunjepunje kama maziwa yaliyoharibika kwenye chai, ni chanya. Dakika chache tu.

Lakini sikiliza vizuri maana ya hiyo chanya. Inasema mwili umewahi kukutana na vijidudu hivi ukatengeneza kingamwili. Haisemi kwamba mtu anaumwa leo. Nyumba kama yenu, iliyoishi na mbuzi miaka yote, inaweza kuwa na mtu aliyeugua zamani akapona na bado kingamwili zipo. Mwenye chanya na hana homa, hana jasho, viungo haviumi, daktari anaweza kumrudia kwa kipimo kingine na kumfuatilia miezi kadhaa bila kumpa hata kidonge kimoja. Mwenye chanya na dalili, huyo anatibiwa. Na mwenye hasi asitupe karatasi, maana dalili huchukua kati ya wiki mbili na nne kujitokeza, mara nyingine miezi. Akipata homa baadaye arudi apimwe tena. Ndiyo, watoto wasioumwa nao wapimwe mara moja, na uwaangalie.

Msiende kupimwa popote tu. Kuna vile vipimo vya haraka vya homa vinavyofanyika kwenye maabara ndogo, vinavyotoa jibu la brusela na la taifodi kwa wakati mmoja. Watafiti walipovikagua magharibi mwa Kenya waliona wengi walioambiwa wana brusela hawakuwa nayo. Nendeni palipompata mumeo, mkiwa na karatasi zake.

Najua watu kumi kwenda Moshi ni nauli, na mshahara wa mwalimu naujua. Kwa hiyo msiende wote siku moja. Safari ya kwanza ni ya wenye dalili, wewe mwenye mimba, na yule kijana mchungaji. Safari ya pili ni ya wengine wanaokamua na kuzalisha mbuzi, pamoja na watoto. Waliobaki watafuata. Kabla ya hapo muulizeni mganga mkuu wa wilaya kama damu inaweza kuchukuliwa huko huko Simanjiro ikapelekwa. Siku hizi watu wa afya na watu wa mifugo wamezoea kushirikiana kwa jina la Afya Moja, na boma lenye mgonjwa aliyethibitishwa na mbuzi watatu waliotupa mimba ni habari ambayo pande zote mbili zingependa kuisikia.

Kuhusu mimba yako. Brusela isiyotibiwa inaweza kuharibu mimba, ndiyo sababu nimekuweka kwenye safari ya kwanza, ingawa hukuniambia una dalili yoyote. Lakini ikigundulika mapema inatibika, na mtoto anaweza kuzaliwa salama. Ukifika, neno la kwanza liwe "nina mimba ya miezi minne", na kadi ya kliniki iwe mkononi, kwa sababu doksisaiklini hapewi mama mjamzito. Watoto wa chini ya miaka minane nao huepushwa nayo, wana dawa zao. Kwa hiyo hata ukikuta binti yako anayo, kile kidonge cha baba yake kisimkaribie. Na msimu huu wa mbuzi kuzaa usiingie zizini usiku. Mwachie mwingine, na awe na glavu.

Sasa mama mkwe wako.

Mwanangu, wewe umeyasikia maneno yake kama ubishi. Mimi nimeyasikia kama kilio. Kwenye boma la Kimaasai maziwa ni ya mama. Yeye ndiye anayekamua au anayesema nani akamue, anayekisafisha kibuyu na kukifukiza kwa kijinga cha mti wa oloirien, anayejua mtoto gani amekunywa na mgeni gani hajanywa. Halafu mkwe anarudi kutoka mjini na kusema, kwa maneno ya daktari, kwamba kile alichowapa wanawe kwa mkono wake ndicho kilichomlaza mmoja wao. Ningekuwa mimi ningenyamaza zaidi yake.

Kwa hiyo maneno yajayo yasitoke kinywani mwako. Yatoke kwa mwanawe. Aende akae naye, akiwa tayari anatembea vizuri, mgongo umenyooka, amwambie: "Yeyo, nimepona, lakini mbuzi wetu wanaumwa." Aanzie kwenye mbuzi. Wale watatu waliotupa mimba mama yake anawajua kwa rangi na kwa mama zao, na habari yao ilimuuma moyo. Kisha amuulize mwaka jana mliingiza mbuzi gani wapya. Beberu wa mnadani? Mbuzi wa mahari? Kwa sababu hivyo ndivyo ugonjwa huu huingia kwenye kundi lililokuwa salama: unanunuliwa pamoja na mnyama. Watoto saba aliwakuza salama, ni kweli tupu, na hakuna anayembishia. Kilichobadilika huenda kiliingia kwa mlango wa zizi juzi juzi.

Na asidhani alitakiwa kukiona. Mumeo anaweza kumsimulia habari ya kisiwa cha Malta. Askari wa Uingereza waliokaa pale waliugua homa hii miaka na miaka. Mwaka 1887 daktari wao, David Bruce, alivipata vijidudu vyenyewe kwenye bandama za waliokufa, ndiyo maana ugonjwa unabeba jina lake. Lakini ilichukua miaka 18 kujua vinatoka wapi. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipopima damu za mbuzi wa kisiwani, alivikuta kwa mbuzi wenye afya, wanaokula vizuri, wanaokamuliwa kila asubuhi milangoni kwa watu. Mwaka uliofuata askari wakaachishwa maziwa ya mbuzi, na homa ikashuka. Madaktari wenye darubini walipitwa miaka 18, seuze mama aliye zizini na macho yake mawili.

Kisha muombeni kitu kimoja kidogo, si kumi: maziwa yapite kwenye sufuria kabla ya kuingia kwenye kibuyu. Yachemke mpaka yapande, yaachwe dakika chache, yapoe. Baada ya hapo kila kitu kinaendelea kama alivyofundishwa na mama yake. Kibuyu kinafukizwa vilevile, na ule moshi ndio wenye ladha mnayoijua, hautapotea. Wengi hudhani maziwa yakishaganda yamejisafisha. Hapana, uchachu peke yake si wa kutegemea kuviua vijidudu hivi, kwa hiyo kuchemsha kunatangulia kugandisha. Mgando wa mbegu nao utoke kwenye maziwa yaliyochemshwa. Samli iliyochemka haina tatizo. Msimamizi wa sufuria awe yeye, na wewe usiwe mkaguzi wake. Yeye akikubali, wake wengine wa boma watafuata bila mkutano, na mchungaji atafungashiwa maziwa yaliyochemshwa badala ya kunywa ya kwenye chuchu.

Mbuzi nao waangaliwe. Mwiteni afisa mifugo wa kata apime kundi. Mbuzi mwenye brusela hatibiwi kwa sindano za dukani, anaondolewa kwenye kundi. Nawasihi msimpeleke mnadani, kwa sababu atakwenda kuanzisha barua kama hii kwenye boma la mwingine. Achinjwe kwa maelekezo ya afisa huyo, anayechinja avae glavu, nyama iive sawasawa. Chanjo ya mbuzi na kondoo ipo, lakini ni chanjo hai inayoweza kumtupisha mimba mbuzi mwenye mimba na kumuambukiza mtu anayejichoma nayo, kwa hiyo ni kazi ya mtaalamu. Mbuzi akitupa tena, kile kitoto na kondo la nyuma visiachiwe mbwa. Vifukiwe chini sana kwa koleo, mikono ikiwa imefunikwa, na watoto wakae mbali.

Nimelibakiza goti la binti yako mwishoni kwa makusudi, ulisome ukiwa umeshasoma mengine. Kwa watoto, brusela hupenda viungo vikubwa, goti na nyonga, na wakati mwingine kuchechemea asubuhi ndiyo dalili pekee ambayo mzazi anaiona. Inawezekana kabisa ameanguka shuleni. Lakini usingoje mama mkwe akubali, wala shemeji, wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Usiku huu mguse paji la uso kabla hujalala na tena alfajiri, uandike ulichoona. Safari ya kwanza ikiondoka, yeye ndiye anayetangulia kupanda gari, na yule kijana mchungaji akae karibu yake.